Mnapenda kitu kimoja, mnafanyiana nini?

Mtu akifungua Facebook, Instagram au TikTok jioni ya leo, awe Buhongwa au Kirumba hapa Mwanza, au kisiwani Ukara, ataletewa majina ya watu asiowajua ambao mtandao unadhani angependa kuwajua. Majina hayo yametokana na video alizozitazama mpaka mwisho, kurasa alizozifuata, namba zilizomo kwenye simu yake na mahali alipo. Aliyeangalia mabao ya Pamba Jiji ataletewa mashabiki wa Pamba Jiji, na aliyesikiliza kwaya ataletewa wanakwaya. Tumelizoea jambo hili kiasi cha kutolijadili tena, ilhali kwa vijana wengi wa Kanda ya Ziwa ndilo linaloamua watafahamiana na nani nje ya ukoo, mtaa na shule. Ninachodai hapa ni hiki: kupenda jambo moja kunaweza kuwakutanisha watu wasiojuana, lakini hakutoshi kuwaunganisha. Wanaunganishwa na kile wanachofanyiana kwa ajili ya jambo hilo, na kundi lao huleta faida linapompokea mtu ambaye kwa mengine yote hafanani nao. Kukutana, mitandao inatupatia kwa wingi mno. Hayo mawili mengine imetuachia wenyewe, na tusipoyashughulikia tutabaki na marafiki maelfu ambao hakuna hata mmoja atakayetujulia hali siku tukiugua.

Watu wa huku hawakuanza juzi kutafutana kwa njia ya mapenzi ya jambo moja. Katika karne ya 19 mafundi wawili wa ngoma na dawa huko Usukumani, Ngika na Gumha, walishindana, na wafuasi wao wakawa vyama viwili vikubwa ambavyo viko mpaka leo: Bagika na Bagalu. Vyama hivi havikuwa ukoo wala utemi. Ndani yake walikuwamo watu wa koo mbalimbali na wa temi mbalimbali, ambao pengine wasingekuwa na sababu ya kusalimiana kama si ngoma. Lakini kuipenda ngoma hakukumfanya mtu kuwa mwanachama. Aliingizwa rasmi, akafundishwa dawa za chama, akajifunza nyimbo, akapangiwa nafasi yake katika uchezaji, na akatarajiwa kuwahudumia wenzake wa chama waliotoka mbali. Vyama vingine vilibeba kazi waziwazi zaidi. Bugobogobo ni ngoma ya jembe, iliyozaliwa shambani ambako vikundi vya vijana vililima huku vikiimba. Bayeye walikuwa mafundi wa nyoka, wanaojua kumkamata chatu na kumtibu aliyeumwa. Banunguli walikuwa wawindaji wa nungunungu, mnyama anayeharibu mazao. Kila kundi lilikuwa na kitu ambacho mgeni angeweza kujifunza na kitu ambacho jirani angeweza kukiomba.

Ukitaka kuona namna mashindano hayo yalivyofanya kazi, nenda Bujora, Kisesa, wakati wa Bulabo, sherehe inayofanyika karibu na sikukuu ya Ekaristi, kwenye kituo kilichoanzishwa miaka ya 1950 na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Kwa desturi ya Kisukuma makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, yakitazamana. Hakuna anayesubiri zamu. Watazamaji ndio waamuzi, na wanaamua kwa miguu yao: wanaondoka kwa huyu na kwenda kwa yule, na kundi lenye watu wengi ndilo lililoshinda. Anayeutazama uwanja huo ataona kitu kinachofanana sana na kuhesabu wafuasi mtandaoni, ila kuna tofauti moja ambayo kwangu ndiyo yenye uzito. Bagika walilazimika kuwavuta watazamaji wa Bagalu, tena mbele ya macho ya Bagalu. Hapakuwa na njia ya kucheza mbele ya Bagika peke yao na kujitangaza washindi. Uhasama ulikuwepo, hofu ya dawa za upande wa pili ilikuwepo, lakini shughuli yenyewe iliwaweka mahasimu mahali pamoja.

Hata harakati za wakulima wa Kanda ya Ziwa zilipita njia hiyohiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa wilaya mbalimbali, wenye lugha tofauti na watemi tofauti, walikuwa na malalamiko ya aina moja kuhusu mizani ya wanunuzi. Malalamiko hayo yangeweza kuishia kwenye vijiwe vya pombe. Yalipata nguvu wakulima walipoweka watu wao wa kupima pamba kabla haijafika kwa mnunuzi, kazi ndogo inayofanywa kila msimu, katika kila kituo, na inayohitaji mtu unayemwamini. Kutokana na kazi hiyo na uongozi wa watu kama Paul Bomani, mwaka 1955 vilikuwa vimezaliwa vyama vya ushirika vilivyoungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, mmoja wa miungano mikubwa ya wakulima Waafrika wakati ule.

Kisha ikaja redio. Waliokuwa watu wazima miaka ya 1980 na 1990 wanazikumbuka kadi za salamu: msikilizaji ananunua kadi, anajaza jina lake na mahali alipo, anaorodhesha anaowasalimu, anaongeza ujumbe mfupi, anaipeleka Radio Tanzania na baadaye Radio Free Africa hapa Mwanza. Mtangazaji akizisoma kila siku, majina yaleyale yalianza kuzoeleka. Mtu wa Sengerema alimsalimu mtu wa Tarime ambaye hajawahi kumwona. Hatimaye watuma salamu wakaunda vikundi, wakatembeleana, wakachangiana kwenye harusi na misiba. Wengi waliwacheka wakidhani wanapoteza hela ya kadi bure. Mimi nawaona kama watu waliotangulia kuelewa jambo ambalo kampuni za California zimelijengea utajiri, na waliokwenda mbele kuliko kampuni hizo, kwa sababu salamu yao ilikuwa na wajibu ndani yake: uliyemsalimu mara nyingi hukuweza kumkwepa alipofiwa.

Wasomi wa jamii wamelipima jambo hili kwa namna yao. Mwaka 1973 Mark Granovetter wa Marekani alichapisha utafiti uliokuja kuwa maarufu kuliko karibu makala nyingine zote za fani yake. Aliwauliza wanaume wa Newton, mji ulio jirani na Boston, waliokuwa wamebadili kazi karibuni, walizipata kwa nani habari za kazi hizo. Kati ya waliozipata kupitia mtu wanayemfahamu, asilimia 16.7 tu walimtaja mtu wanayeonana naye mara kwa mara. Asilimia 55.6 walimtaja mtu wanayeonana naye mara mojamoja, na asilimia 27.8 mtu wanayeonana naye kwa nadra kabisa. Sababu yake haihitaji hesabu ngumu. Ndugu na marafiki wa karibu wanajua yaleyale unayoyajua. Habari mpya inatoka kwa mtu anayeishi kwenye dunia nyingine kidogo. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti mkubwa zaidi uliofanywa na LinkedIn pamoja na wanazuoni wa vyuo vikuu vya Marekani. Kwa miaka 5 walibadilibadili namna mtandao huo unavyowapendekezea watu wengine, wakiwahusisha watumiaji zaidi ya milioni 20, na wakakuta vivyo hivyo: watu waliofahamiana kidogo ndio waliosaidiana zaidi kupata kazi mpya, mradi wasiwe wageni kabisa.

Mpinzani wangu atasema utafiti huo unanisuta, maana pale mashine yenyewe ndiyo iliyopendekeza watu, na kazi zikapatikana. Ni pingamizi la haki. Lakini tuangalie ni mtandao gani. LinkedIn ni mahali ambapo kila anayeingia anaandika kwanza amesomea nini, amefanya kazi wapi na anaweza kufanya nini. Anayekutana na mwenzake pale anakutana na ujuzi wake kabla ya kukutana na picha zake za likizo. Mashine ilifaulu kwa sababu watu wenyewe walikuwa wamekwisha weka mezani kitu cha kupeana. Kwenye mitandao mingine tunaweka mezani tunachopenda kutazama, na mashine inaturudishia hichohicho, kikiwa kimeongezwa chumvi.

Kwa ushahidi wa karibu na nyumbani, twende Kirumba Mwaloni. Soko lile la samaki linapokea dagaa kutoka visiwani, kayabo, yaani sangara wa chumvi anayependwa sana Kongo, na wanunuzi kutoka Rwanda, Burundi, Kongo na kwingineko. Biashara ya dagaa ina ugumu wake. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na sola. Mbalamwezi ikiiva wavuvi wanapumzika, mzigo unapungua, bei inapanda. Mvua ikinyesha mfululizo dagaa hawakauki, wanaoza au wanaishia kuwa chakula cha kuku. Walioanikwa mchangani wana bei moja, walioanikwa kwenye vichanja wana bei nyingine. Kwa hiyo grupu la WhatsApp la wafanyabiashara wa dagaa lina mazungumzo yenye sura ya pekee. Mtu anatuma picha ya dagaa aliowashika kiganjani, si ya gunia lililofungwa, kwa sababu mnunuzi anataka kuona kama wananing'inia na mchanga, kama bado wana ule ung'avu wa fedha au wamegeuka kahawia. Anaulizwa wametoka mwalo gani, wameanikwa siku ngapi, mvua imenyesha lini. Anayejibu vibaya mara mbili hasikilizwi tena.

Grupu kama hilo huweza kumweka mama anayeanika dagaa kisiwani, dereva wa fuso, na mchuuzi wa mji ambao huyo mama hatakaa auone. Hawafanani umri, dini wala kabila, na pengine wasingeweza kukaa meza moja wakaongea kwa nusu saa juu ya jambo jingine lolote. Dagaa amewapa sababu ya kuwasiliana leo, na tena kesho, na ya kila mmoja kutunza jina lake. Huo ndio uhusiano ninaouzungumzia. Ulinganishe na ukurasa wa wapenda mpira wenye wafuasi laki moja ambao kila mmoja anaandika neno lake chini ya picha na kuondoka. Mapenzi yapo kote kuwili, huenda hata ya mpira ni makali zaidi. Kinachokosekana kwenye huo ukurasa ni kuhitajiana. Na mashabiki wenyewe wanalijua hilo, ndiyo maana matawi ya mashabiki yenye kukodi basi la pamoja, kuchangia mwenzao aliyelazwa na kukutana kabla ya mechi pale uwanja wa CCM Kirumba yana uhai ambao ukurasa hauna.

Kuna mfano mwingine ambao naona uchungu kuusimulia, kwa sababu ni wetu na hatumo. Ziwa Victoria lilikuwa na zaidi ya aina 500 za furu, wale samaki wadogo wenye rangi ambao wengi wetu tunawajua kama kitoweo cha mwenye njaa au chambo cha ndoana. Kuanzia 1977 watafiti kutoka Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walifanya kazi katika Ghuba ya Mwanza pamoja na wenzao Watanzania, wakihesabu na kuwaelezea furu hao. Wakiwa katikati ya kazi hiyo, miaka ya 1980, sangara aliyepandikizwa ziwani miongo michache kabla aliongezeka ghafla, na inakadiriwa aina 200 hivi zikatoweka. Mmoja wa furu walioelezewa na watafiti hao mwaka 1985 alipewa jina la Mwalimu Nyerere. Kisayansi anaitwa Pundamilia nyererei. Dume lake lina mgongo mwekundu, ubavu wa njano na mistari myeusi iliyosimama, na anaishi kwenye miamba ya visiwa, miamba ileile iliyoupa mji wa Mwanza sura yake. Huyu samaki ana wapenzi Ulaya na Amerika Kaskazini. Wanamfuga kwenye matangi ya kioo sebuleni, wana makundi yao mtandaoni, wanagawana vifaranga, na wanazingatia sana kuandika kila ukoo wa samaki ulitoka kisiwa gani: Makobe, Ruti, visiwa vya Python. Kuwachanganya wa kisiwa hiki na wa kisiwa kile ni kosa kubwa kwao. Kwa baadhi ya aina za furu wa ziwa letu, matangi ya wapenzi kama hao na ya bustani za wanyama ndiyo yamekuwa kimbilio.

Nimelileta hili kwa sababu mbili. Kwanza, linaonyesha mapenzi ya jambo adimu yanaweza kuwaunganisha watu wasioonana maishani ikiwa kuna kazi: kuzalisha, kuandika kumbukumbu, kutumiana. Pili, linaonyesha mlango uliofungwa bila mtu yeyote kukusudia kuufunga. Wanaomjua furu wa Makobe akiwa majini, wanaojua ni jiwe lipi anakaa na ni mwezi gani anaonekana kwa wingi, ni wavuvi wa huku, na hawamo kwenye makundi hayo. Mashine haitawapendekeza, kwa kuwa hawajawahi kutazama video za matangi ya samaki, na lugha inayotumika humo si yao. Watafiti wakiongozwa na Ole Seehausen walionyesha mwaka 1997 kwamba maji ya ziwa yanapochafuka, majike ya furu hayaoni vizuri rangi za madume, aina zinachanganyika na tofauti zinapotea. Nani atajua maji yameanza kuwa na tope karibu na kisiwa fulani kabla ya mtu anayepita hapo kila alfajiri? Tangu 2008 upo mtandao wa iNaturalist ambao kazi yake ni mtu kuweka picha ya kiumbe alichokiona, mahali na tarehe, na wengine kumsaidia kukitambua. Kijana mwenye simu janja katika mwalo wowote angeweza kuwa mtu wa maana sana katika duara hilo, na angepata humo watu ambao hakuna ukoo wala mtaa ungemkutanisha nao.

Sasa niyajibu mapingamizi mengine. La kwanza ni kwamba makundi ya wanaopenda jambo moja ndiyo mahali chuki inapoota. Hili ni kweli, na ushahidi umetoka ndani ya Facebook yenyewe. Gazeti la Wall Street Journal liliripoti Mei 2020 kwamba uchunguzi wa ndani wa kampuni hiyo, wa mwaka 2016, ulikuta asilimia 64 ya waliojiunga na makundi yenye msimamo mkali walijiunga kwa sababu mfumo wa mapendekezo wa Facebook uliwapeleka huko. Lakini takwimu hiyo inaishtaki ile tabia ya kukusanya wanaofanana na kuwaacha peke yao, ambayo mimi pia naishtaki. Kundi ambalo kazi yake inamhitaji mtu wa upande mwingine lina kizuizi cha asili. Mfanyabiashara wa dagaa anayewatukana Wakongo atauza kwa nani?

La pili ni utapeli, na hapa sina jibu la kumaliza tatizo. Kila mwenye simu Tanzania amepata ujumbe wa kutaka hela itumwe kwa namba fulani, na wako watu waliotuma fedha za mzigo ambao haukuwahi kuwepo. Serikali imechukua hatua: laini zinasajiliwa kwa alama za vidole, unaweza kupiga *106# kuangalia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, namba ya tapeli unaweza kuituma 15040, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Hatua hizo zinasaidia baada ya tukio zaidi ya kabla yake. Kinachosaidia kabla ni kundi lenye ujuzi. Tapeli anaweza kuiba picha ya gunia; ni vigumu zaidi kwake kujibu maswali ya watu 40 wanaoishi kwa kazi hiyo, na vigumu zaidi kumpata mtu wa mwalo anayemdhamini kwa jina. Kundi linalotaka kudumu liwe na utaratibu kwamba mgeni hafanyi biashara kubwa kabla hajaonana ana kwa ana na angalau mwanachama mmoja, au kabla viongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi) ya kwao hawajamthibitisha. Ni utaratibu wa polepole, na utawakimbiza wenye haraka. Nadhani ni hasara inayovumilika.

La tatu ni la usawa. Takwimu za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, zinaonyesha laini zenye intaneti zimepita milioni 40 nchini, katika taifa lililohesabiwa kuwa na watu milioni 61.7 kwenye sensa ya 2022, lakini laini si watu. Mmoja ana laini tatu, mwingine ana kitochi, na mwenye kitochi mara nyingi ni mwanamke anayeanika dagaa, ambaye bila yeye hakuna mzigo. Bando nalo linaisha katikati ya wiki. Kwa hiyo mtu akisema haya yote ni mambo ya wenye simu janja, anasema kweli kwa sehemu. Ila makundi ya kazi yana namna ya kuvuka mipaka ya simu ambayo makundi ya kutazama hayana. Habari ya bei inasomwa na mmoja na kusikiwa na kumi. Ujumbe wa sauti unamfikia asiyejua kusoma, kwa Kisukuma, Kikerewe au Kijita. Vyama kama TAWFA, umoja wa wanawake wanaofanya kazi katika uvuvi, vinaweza kumtoa mwanamke wa Ziwa Victoria kwenye mwalo wake na kumkutanisha na mwenzake wa pwani ya bahari, na simu ikaja baadaye kama chombo cha kuendeleza walichokianza. Redio za mikoani zinazosoma salamu zingeweza kabisa kusoma na bei za mialo.

Wapo pia wanaosema kijana anayetafuta marafiki wa mbali anamwacha jirani yake. Nawaelewa, lakini wamfikirie mzazi wa mtoto mwenye selimundu. Ugonjwa huu Kanda ya Ziwa umeenea kuliko sehemu nyingi za nchi, na Tanzania nzima huzaliwa takriban watoto 11,000 kila mwaka wakiwa nao. Jirani mwema atamletea mzazi huyo uji na kumpa pole. Hatajua mtoto anywe maji kiasi gani, maumivu ya namna gani yanatosha kumkimbiza hospitali ya Bugando usiku, wala namna ya kumweleza mwalimu kwa nini mtoto hakuja shule wiki nzima. Mzazi mwingine mwenye mtoto wa namna hiyo, hata akiwa Bariadi au Bunda, anajua. Kumtafuta huyo mtandaoni hakumpunguzii jirani heshima yake.

Pingamizi ninaloliona zito kuliko yote ni kwamba nyumba hizi tunazojenga ziko kwenye viwanja vya watu wengine. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa takriban saa 6 kwa hitilafu ya kampuni yenyewe. Tangu Mei 2025 mtandao wa X haufunguki kwa kawaida hapa nchini, na kuanzia siku ya uchaguzi mkuu, 29 Oktoba 2025, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Naamini kuzima intaneti ya nchi nzima ni kosa, na mojawapo ya sababu ni hizi nilizozieleza: unawakata mama wa Ukara na mnunuzi wake, mzazi na mzazi mwenzake, watu ambao hawakuwa na ugomvi na yeyote. Lakini hata tukikubaliana wote kuhusu hilo, anayetegemea programu moja kwa mahusiano yake yote amejiweka pabaya. Kundi makini linatunza namba za simu za kawaida kwenye daftari, lina siku ya kukutana, lina mtu anayejulikana katika kila mwalo. Watuma salamu walikuwa na hayo yote wakiwa na redio tu.

Ningependa kuona jambo hili likianzia kwa BMU, kwa kuwa zipo tayari kwenye mialo na zinawajua watu wao. BMU moja ya Ukerewe, moja ya Muleba na moja ya Musoma Vijijini zikubaliane kuanzisha kundi moja la dagaa na furu, na chuo cha uvuvi cha FETA Nyegezi pamoja na watafiti wa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, waombwe kuweka humo mtu mmoja mmoja wa kujibu maswali. Anayeingia ataje kwanza anachoweza kuwapa wenzake: picha za samaki wa mwalo wake, habari za mvua, nafasi kwenye gari, ujuzi wa kutengeneza injini, tafsiri ya Kiingereza. Kila mwanachama kwa mwaka amlete mtu mmoja kutoka wilaya nyingine, na admini wabadilishwe ili kundi lisiwe mali ya mtu. Atakayepitisha miezi 3 bila kutoa wala kuuliza chochote apigiwe simu aulizwe kulikoni, kabla hajaondolewa, kwa sababu pengine bando lilimwishia, au anaumwa.